Sala Niliyomwombea Mkandarasi

Mwezi wa kumi, tarehe 3, Ijumaa

Mvua imeanza leo asubuhi, nikakimbia kuanua nguo na kiuno changu hiki. Nimenunua daftari. Shoga yangu Fundi ndiye aliyeniambia ninunue. "Kila ukitaka kumpasulia mtu maneno, andika kwanza," kasema, "labda ukifika mwisho wa ukurasa hasira zitakuwa zimekwisha." Nikamwambia mimi ukurasa mmoja haunitoshi hata kwa salamu. Tukacheka mpaka akakohoa.

Shule sijakanyaga. Herufi nilifundishwa na huyu huyu Fundi, cherehani yake pembeni, mimi tayari nina wajukuu. Alikuwa akiniandikia kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa cheusi, nami naandika chini yake, halafu anafuta kwa kiganja. Mpaka leo ananiita Mwanafunzi mbele za watu. Kama nimekosea humu, mlaumuni mwalimu.

Tarehe 5, Jumapili

Kanisa linavuja vibaya. Kazi yangu pale ni meza ya Bwana: naoka mkate, naosha vile vikombe vidogo, natandika kitambaa alichokishona Fundi. Leo tone la maji limeanguka katikati ya mkate, puu, kama limeelekezwa.

Mchungaji ni mwanangu, kitinda mimba wangu. Watu wanamwita baba. Mimi nimemfuta makamasi, kwa hiyo namwita ninavyotaka. Katangaza kwamba Jumapili ijayo tutakuwa na mgeni, Mkandarasi, yule anayegombea udiwani. Ataezeka kanisa upya. Watu wakasema amina, hata mimi, maana nilikuwa bado nautazama mkate wangu ukilowa.

Tarehe 7, Jumanne

Mvua. Nimefua, hazikukauka.

Tarehe 12, Jumapili

Leo nimefanya jambo, na sijajua bado ni jambo gani.

Mkandarasi alikuja na magari mawili na watu wa kumpiga picha. Ni mtu mwenye adabu, siwezi kumsingizia. Alinishika mikono yote miwili akaniita mama mzazi. Mwanangu akasema kwenye kipaza sauti, "Mama, njoo umwombee mgeni wetu." Mimi nikiitwa kuomba huwa siulizi. Nikaweka mkono kichwani pake, nikasema ninavyosema siku zote: Bwana, mpake mafuta mtumishi wako huyu, nyoosha mkono wako juu yake, adui zake wakose njia, umfikishe huko aendako.

Maneno hayo nimemwombea dereva wa lori. Nimewaombea watoto wa mtihani. Nimemwombea hata muuza mboga alipokwenda kung'olewa jino. Sina sala nyingine. Ukinipa kichwa, nakipa hiyo hiyo.

Watu wakapiga makofi. Mwanangu akasema, "Mmesikia wenyewe. Bwana amekwisha mpata mtu wake."

Hapo Fundi akasimama, benchi la pili, na ile miwani yake iliyofungwa uzi. "Samahani, Mchungaji. Na wa kwangu nimlete Jumapili ipi?"

Maana binti yake, Nesi wa zahanati, anagombea kiti hicho hicho, na kila mtu anajua. Nusu ya wanawake waliokuwa mle ndani amewazalisha yeye.

"Mama Nesi, tutaongea baadaye."

"Baadaye ipi, baba? Kichwa anacho, mwombaji yupo, na mafuta sioni kama yameisha."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje? Mwanangu hakucheka. Alimtazama Mkandarasi kwanza, nikamwona. Halafu akasema polepole, "Anayempinga mteule anampinga aliyemteua."

Kicheko kikakatika kama uzi. Fundi akakaa. Nami nikarudi kwenye vikombe vyangu, nikahesabu vikombe ambavyo nilikuwa nimekwisha vihesabu.

Tarehe 14, Jumanne

Mafundi wa paa wameng'oa dari yote. Wanasema ya kurudishia itakuja baada ya kura.

Tarehe 19, Jumapili

Fundi ametengwa. Limesomwa kwenye karatasi na katibu wa wazee wa kanisa: asiguse meza ya Bwana mpaka atakapotubu kosa la kuleta fujo ibadani na kumpinga aliyewekwa na Mungu. Alikuwa amekaa pale pale benchi la pili. Mkate ulipopita ulimruka kama watu wanavyoruka dimbwi. Mtu wa kushoto akaupokea, mtu wa kulia akanyoosha mkono juu ya magoti yake akauchukua.

Mkate niliuoka mimi. Na sikufungua mdomo. Mimi, ambaye namtukana hata mbuzi.

Tarehe 20, Jumatatu

Nilikwenda kwa Fundi nikiwa na maneno yangu tayari. Akaniambia nimshikie kitambaa akate. Tumekata mashati manne. Sikuyasema yale maneno.

Tarehe 21, Jumanne

Nesi kapita kwangu akitoka kazini, hajavua hata sare yake. Hakutaka kukaa. "Mama mkubwa, nataka usikie kitu." Akatoa simu.

Ikatoka sauti yangu. Mpake mafuta mtumishi wako huyu. Adui zake wakose njia. Wameiwekea na ngoma nyuma. Halafu mwanamume mwenye sauti ya mnada anasema: Mama wa maombi amekwisha sema, ndugu mpiga kura, wewe ni nani ubishane na mbingu?

"Wanaipiga sokoni kutwa nzima," Nesi kasema. "Jana mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane alikataa nimpime. Anasema mimi ndiye yule adui wa kukosa njia."

"Mwanangu, sikusema wewe."

"Najua. Sala hiyo uliniombea na mimi nilipokwenda kusomea unesi. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwao." Akaweka simu mfukoni. "Mama yangu hasemi, lakini chakula hali. Na moyo wake haukuwa mzima hata kabla ya haya."

Alipoondoka niliosha sufuria safi.

Tarehe 22, Jumatano

Nilikwenda ofisini kwa mwanangu, nyuma ya kanisa. Mezani pana picha ya Mkandarasi imeegemezwa kwenye Biblia. Nikaigeuza ukutani kabla ya kukaa.

"Mama, usianze."

"Nimekwisha anza. Ile sala iondolewe kwenye maspika."

"Uliomba mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha."

"Nilimwombea mtu. Sikumwombea kiti."

Akavuta kiti chake karibu, akanishika goti kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, akitaka kitu. "Mama, nani alinifundisha kwamba imani isiyoona kiu ya watu ni kelele? Ni wewe. Ulinibeba mgongoni mkaenda wewe na Fundi na kina mama wote kudai bomba, mkiimba nyimbo za kanisani mpaka mlangoni kwa mkubwa. Ile haikuwa siasa?"

Alinikamata. Mvua inapiga dirisha. Maana ni kweli. Tuliimba kweli, na askari alitukimbiza kweli, na mimi niliamini Mungu yuko mbele yetu anakimbia na sisi.

"Ilikuwa siasa," nikamwambia. "Lakini tulidai maji. Hatukusema asiyekuja na ndoo nasi Mungu hamtaki. Bomba lilipokuja, hata yule jirani asiyesali popote alichota, tena alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mshenzi yule."

Akatabasamu kidogo. Nikadhani nimempata. Nikaendelea: "Huyu Mkandarasi mpigie kura. Mpigie na kampeni, vua joho upande gari lake, paza sauti ikukauke. Ni haki yako kama ya mtu mwingine. Lakini usimpandishe pale mimbarini ukamfunga na Mungu kamba moja. Fundi hamtaki yeye, basi. Sasa mmemwambia hamtaki na Mungu pia."

Tabasamu likaondoka. Akasimama, akaigeuza picha ikamtazama tena. "Mama, mambo haya ni mazito. Hukusoma."

Miaka yote niliyomlea hajawahi kuniambia neno hilo. Ada zake nilizilipa kwa kufua nguo za watu, na vidole vyangu vimepinda kwa ajili hiyo. Nikanyanyuka nikamwambia kwaheri, mwenye kusoma.

Tarehe 26, Jumapili

Paa limekamilika, limebaki upande wa kwaya. Linang'aa. Mvua ikinyesha husikii kitu, kwa sababu hakuna dari. Mahubiri yote leo tumemwangalia mwanangu akifungua na kufunga mdomo.

Benchi la pili lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyesogea kuijaza.

Tarehe 29, Jumatano

Fundi hatoki kitandani. Miguu imejaa maji, ukibonyeza shimo linabaki. Nesi anasema ni moyo. Analala amekaa, ameegemea mito mitatu, na cherehani imefunikwa shuka kama maiti. Nilimfokea Nesi aifunue, akaifunua.

Nikasubiri Nesi aende kazini. Nikatoa kwenye kanga kipande cha mkate na kikombe kimoja nilichokiziba kwa karatasi.

"Hivi vimetoka wapi?" Fundi kauliza.

"Mezani."

"Nani kakutuma?"

Nikafungua karatasi ya kikombe.

"Rudisha, Mwanafunzi."

"We bibi, acha ukaidi. Mungu anaona hapa kama anavyoona kule."

"Anaona. Yeye hajanitenga, hilo najua, tunaongea kila siku, tena ananijibu vizuri kuliko wewe." Akapumua kwanza, mara nne, tano. "Walionitenga ni watu. Nataka watu wanirudishe. Kitambaa cha meza ile nimekishona mara nne, siwezi kuila uvunguni kama paka aliyeiba."

"Nimlete nani sasa?"

"Mtoto wako. Aje mchana, mlango wazi, majirani wanaona. Aseme mama, kula. Basi. Hata radhi asiniombe."

Nimerudi na kikombe changu. Njiani kilimwagika kangani.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 2, Jumapili

Nimesimama.

Nilingoja mwanangu amalize matangazo. Nikaacha meza, nikaenda mbele, nikaomba kipaza sauti. Akanipa, akidhani nataka kuomba. Nikasema: "Ndugu zangu, ile sala mnayoisikia sokoni." Nilifika hapo tu. Kipaza sauti kikafa mkononi mwangu. Nilimwona kijana wa mitambo akimwangalia mwanangu, na mwanangu akiangalia sakafu.

Nikasema kwa mdomo wangu basi, sauti ninayo. Na mvua ikashuka, yote kwa mara moja, juu ya mabati yale mapya. Nilipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikauma na sikujisikia mwenyewe. Watu walinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanangu Jumapili ile. Kwaya ikasimama kuimba, nayo haikusikika. Wote tulikuwa mabubu mle ndani, kila mtu na mdomo wake wazi.

Nikaanza benchi la mbele. Nikamwinamia mtu wa kwanza, nikaweka mdomo sikioni: "Sikusema Mungu amemchagua. Nimemwombea kama ninavyomwombea kila mtu. Fundi hana kosa. Anakufa." Nikaenda wa pili. Nikaenda wa tatu. Mabenchi kumi na nne, kulia na kushoto. Wengine walinishika mkono. Mwingine aligeuza uso, nikaliendea sikio la upande wa pili. Muuza mboga alilia. Mke wa katibu alinisukuma kwa kiwiko, nami nikamwambia yote tena, mara mbili.

Nilipomaliza benchi la mwisho mvua ilikuwa imepungua, na mwanangu akasema kwenye kipaza sauti kilichofufuka, "Tumsamehe mama yetu, ni uzee."

Nikaenda kwa Fundi nikiwa nimelowa chapachapa, nikamsimulia. Alicheka mpaka Nesi akaja kumshika mgongo. "Mabenchi kumi na nne! Na kiuno hicho!" Halafu akaniuliza, "Na yeye anakuja lini?"

Tarehe 4, Jumanne

Wazee wa kanisa wameniondoa mezani. Wamekuja wawili kuchukua vikombe. Nimewapa vikiwa vimeoshwa.

Tarehe 6, Alhamisi

Mvua. Fundi kala vijiko vitatu vya uji.

Tarehe 10, Jumatatu

Nilimngoja mwanangu mlangoni kwake mpaka akatoka. Sikumfokea. Nilimwambia anachotaka Fundi, neno kwa neno, hata lile la paka.

Akafuta uso. Amekonda, mtoto wangu, shingo inacheza ndani ya kola. "Mama, kura ni Jumamosi. Jumapili nitakwenda mwenyewe na mkate, nakuahidi. Nikienda leo watasema nimegeuka. Ataondoa mafundi wake, na upande wa kwaya bado uko wazi."

"Nesi anasema Jumapili ni mbali."

"Siku sita tu, mama. Mungu atamshika siku sita."

"Na wewe kazi yako ni nini?"

Akaangalia saa yake. Lakini alisema nakuahidi, na mimi ni mama yake, nikaibeba ahadi ile mikononi kama bakuli la uji wa moto mpaka kwa Fundi.

Fundi kafurahi. Kaagiza Nesi amfulie gauni la bluu.

Tarehe 12, Jumatano

Nimemsuka nywele. Zimebaki chache, mistari mitano imetosha. Kaniuliza kama mkate nitauoka mimi. Nikasema mimi. Nitauoka nyumbani, nione nani atanikataza kwenye jiko langu.

Tarehe 13, Alhamisi

Mchana, saa nane. Nilikuwa nikimsugua miguu. Mvua haikuwepo, jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye shuka.

Akauliza, "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Bado tatu."

Nikaendelea kusugua. Nikawa namweleza habari za mbuzi wa jirani aliyekula kitabu cha mtoto, na nikafika mwisho wa hadithi, pale pa kuchekesha, na hakucheka.

Tarehe 14, Ijumaa

Tumemwosha. Kavaa la bluu.

Tarehe 15, Jumamosi

Nimepiga kura. Nimesimama kwenye foleni nyuma ya Nesi, amefunga kitambaa cha msiba, na watu wanampisha apite mbele naye anakataa. Kwenye kile chumba kidogo cha karatasi nilikuwa mimi na Mungu, na hata Yeye hakuniuliza nampigia nani.

Tarehe 16, Jumapili

Mkandarasi ameshinda. Honi tangu asubuhi. Leo ndiyo ilikuwa Jumapili. Niliuoka mkate ule, sijui kwa nini. Nimewapa kuku.

Tarehe 17, Jumatatu

Tumemzika Fundi nyuma ya nyumba yake. Kanisani hawakupiga kengele, aliyetengwa hapigiwi. Lakini wanawake walikuja, niliwahesabu, wengi wao ni wale niliowanong'oneza. Wengine hawakuniangalia usoni.

Sanduku likiwa bado juu ya fito, mwanangu akatokea kwenye njia. Peke yake, kwa miguu, viatu vimejaa matope. Kavaa joho. Mkononi kashika kile kikopo cha bati tunachowapelekea wagonjwa mkate.

Nesi alimwendea kabla hajafika. Hakupaza sauti, lakini wote tulinyamaza, kwa hiyo tukasikia. "Mchungaji, mgonjwa wako yuko ndani ya sanduku."

"Nilisema Jumapili," mwanangu akasema. "Jana nilifika mlangoni. Nikaona watu wengi. Nika..."

"Mama alisema uje mlango wazi, watu wakiona."

"Niruhusu nimwombee."

"Hapana. Hapa hataomba mtu. Mama alikwisha ombewa vya kutosha mwaka huu." Aliposema hilo alinitazama mimi, si kwa ubaya, na mimi nikaona ni haki. Akawageukia wanawake. "Imbeni."

Tukaimba. Mwanangu akasimama pale njiani na kikopo chake mpaka udongo ukajaa. Nilitaka kumwendea. Nilitaka pia kumpiga kofi. Miguu haikujua ifuate lipi, nikabaki nilipo.

Tarehe 18, Jumanne

Siku kavu.

Tarehe 20, Alhamisi

Leo kaja kwangu, jua la saa saba, bila joho. Shati lake la zamani. Kakaa pale anapokaa tangu utotoni, mgongo kwenye kabati. Nilikuwa napika, nikaongeza maji kwenye sufuria, sikumwuliza kama amekula. Mtoto akija kwa mama yake haulizwi.

"Nimewaambia wazee nitasoma barua Jumapili," kasema. "Kumwondolea kutengwa."

"Vizuri."

"Najua amekufa, mama."

"Sikusema kitu."

Akalia. Analia kama marehemu baba yake, bila sauti, mabega tu. Nikamwacha alie, nikapakua. Akanawa. Akafumba macho na kukunja mikono aombee chakula, mdomo ukafunguka, nikamshika kifundo cha mkono.

"Kula tu," nikamwambia. "Leo kula tu."

Akala. Nilimchagulia kipande kizuri nikamwekea upande wake, kama zamani. Baadaye akauliza, bila kuinua uso, kama nitakuja Jumapili, na kama nitarudi mezani, wazee wamekubali.

"Nitakuja, ni nyumba ya Baba yangu hata kama umeiezekea paa la mtu. Lakini nitakaa benchi la pili, kwenye ile nafasi. Na mkate ukipita, nirukeni."

"Mama."

"Nilikaa kimya siku ile ukimruka yeye. Nirukeni na mimi."

"Mpaka lini?"

Nikachukua upawa, nikamwongezea mboga.